Ganuni Mapajani mwa Mwanamke

Mama mmoja wa Pipeline, mzaliwa wa Pwani kama wengi wetu tulioletwa Nairobi na riziki, alitujia kutaka shauri. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amejifunza kinanda shuleni, na sasa asema ataka kuwa mpigaji na mwalimu wa muziki. Nyumba yao i katika orofa ya sita, na kuta zake ni nyembamba hata kikohozi cha jirani husikika. Lililomkera mama si kelele. "Jamaa watasema nini?" alituuliza.

Wanazuoni wetu wamekhitalifiana tangu zamani juu ya ala za muziki, na si kazi ya jarida hili kutoa fatwa; hilo tulimwomba alipeleke kwa sheikh amwaminiye. Ama maneno ya jamaa ni jambo jingine, na kwa hilo tulimhadithia habari za Bi Mariam Hamdani wa Unguja.

Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze ganuni. Chama cha Ikhwani Safaa kikaundwa mwaka 1905, nacho kilikuwa cha wanaume. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti katika sahani za santuri, lakini waliompigia ala walikuwa wanaume. Hata vyama vya akina mama vilipochipuka Unguja, desturi ilikuwa ile ile: mwanamke aliachiwa sauti, udi, fidla na ganuni vikabaki mikononi mwa wanaume.

Na ganuni si ala ya kuchezea. Ni sanduku bapa lenye nyuzi zipatazo sabini na zaidi, tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huilaza mapajani au mezani, akavaa pete mbili katika vidole vya shahada, na katika kila pete akachomeka kijiti cha kukwanyulia nyuzi. Kabla ya kupiga hana budi kuzilinganisha zote, na hali ya hewa ikibadilika huanza upya. Kazi hiyo yataka subira kama ya mshona kofia. Haisomwi kitabuni peke yake. Yataka mwalimu wa kukaa ubavuni mwako.

Bi Mariam, mwandishi wa habari wa siku nyingi, aliishika ganuni hiyo. Mwaka 2009 akaunda Tausi, kikundi cha taarab ambacho wanawake hawaimbi tu, bali wao wenyewe ndio wapigaji wa ala. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye uzito wa kazi yake. Angeweza kuridhika kuwa yeye peke yake mwenye ganuni, akasifiwa kama kioja. Badala yake alitaka wenzake nao washike ala.

Tulimweleza mama pia habari za Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002. Huko Rajab Suleiman, fundi wa ganuni aliyekulia katika Culture Musical Club, amewafundisha vijana ala yake, na wasichana nao huketi darasani. Ualimu, basi, ni kazi iliyopo, ingawa hatukumficha kwamba ujira wa mpigaji si wa kutegemea. Bi Mariam mwenyewe alikuwa na kalamu yake.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama huyo Bi Mariam hujitanda mtandio apigapo. Tukacheka, naye akacheka.

Juma lililofuata alituletea habari. Binti amekubaliwa kupiga baina ya Alasiri na Magharibi, kwa visikilizio vya masikioni, madhali masomo mengine hayalegei. Baba hajasema neno. Ila jioni moja alivitwaa visikilizio vile, akavivaa, akaketi kitandani akisikiliza mpaka adhana ilipoanza.