Akili ya Kijana na Ugonjwa wa Sukari: Mambo Mama Anapashwa Kujua



Siku ya kupima watoto, wamama wengi wa Murara wanatuuliza juu ya ugonjwa wa sukari, ule ambao wengine wanaita diabeti. Zamani watu walisema ni ugonjwa wa watajiri wenyi tumbo kubwa. Sivyo. Unamukamata mwenyi kuuza makala, unamukamata mwalimu, na hata mama mwenyi mimba.

Leo tutazungumuza jambo moja ambalo wengi hawajalisikia: namna akili ya kijana inavyofuatana na ugonjwa huu. Utauliza: akili na sukari vinapatana wapi? Soma polepole, utaona.

UGONJWA WA SUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, zaidi bugali, viazi, muchele na mukate, kinageuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Lakini haiwezi kuingia mahali inapohitajiwa kama haikufunguliwa mulango. Ufunguo ni dawa ambayo mwili wenyewe unatengeneza nyuma ya tumbo, jina lake insulini. Kama ufunguo umekosekana, ao kama mulango umekuwa mugumu, sukari inabaki katika damu na kuiharibu mishipa. Kisha miaka, macho yanapata giza, figo zinachoka, vidonda vya miguu vinakataa kupona.

WANGANGA WALIONA NINI?

Katika inchi ya Israeli, vijana wakifika karibu miaka 17 wanapimwa akili mbele ya kuingia jeshi: kusoma, kuhesabu, kufikiri. Wanganga walifuata wanaume zaidi ya elfu makumi tatu waliopimwa hivyo, na habari yao ilichapwa mwaka wa 2014. Wale waliopata alama za chini kabisa katika ujana walipata ugonjwa wa sukari kupita mara mbili zaidi ya wale wa alama za juu, hata wakati wanganga walipohesabu vilevile uzito wa mwili.

Usiseme: «Kule ni mbali.» Hata hapa kwetu Kivu kuna jambo la kufanana. Kule Lwiro, upande wa Bukavu, watoto wengi walitunzwa katika hospitali kati ya mwaka wa 1988 na 2007, maana njaa iliwashika vibaya sana. Walipokuwa watu wazima, wanganga waliwatafuta tena, wakawalinganisha na wenzao wa palepale ambao hawakupata ugonjwa huo. Wale walioshikwa na njaa walikuwa wamefika mbali kidogo tu katika masomo, na majaribio ya akili yaliwashinda zaidi. Tena walikuwa na mafuta mengi ya tumbo, na zile alama ambazo zinatangulia ugonjwa wa sukari na wa moyo. Ugonjwa wa sukari wenyewe haukuwa umewazidi wenzao, kwani walikuwa wangali vijana. Lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Mama, angalia vizuri. Njaa ya mutoto mudogo iligusa mambo mawili kwa mara moja: akili yake na mwili wake wa kesho.

SABABU NI NINI?

Hapana kufikiri kwamba kichwa kizito kinazaa sukari. Mutoto mwenyi kuchelewa masomoni hana laana, wala ugonjwa haukuandikwa kwenye kipaji chake. Ni njia kadiri zinazopeleka mutu kwenye mambo yale mawili.

Ya kwanza ni tumbo la mama na miaka miwili ya kwanza. Katika miaka hiyo bongo ya mutoto inakomaa upesi sana. Akifika miaka miwili imekwisha kupata karibu sehemu nne kwa tano za ukubwa wa bongo ya mutu muzima. Wakati uleule, mwili unatengeneza viungo vya kutunza sukari. Chakula kikikosekana, mwili unachagua kuponyesha maisha ya leo, na unapunguza mengine. Kule Uholanzi kulikuwa njaa kubwa ya vita mwaka wa 1944 na 1945. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule, walipopimwa wakiwa watu wazima wa miaka makumi tano hivi, miili yao ilishindwa kutunza sukari vizuri kama ya wenzao.

Ya pili ni masomo. Mutu aliyesoma anaweza kusoma karatasi ya dawa, kuhesabu vidonge, kuelewa kwa nini anapimwa hata kama hasikii maumivu. Asiyesoma anaweza kufanya hayo pia, lakini anahitaji kuelezwa polepole. Kama munganga anasema kwa haraka, ni munganga anayekosa, si mugonjwa.

Ya tatu ni umasikini. Aliyeacha masomo mapema mara nyingi anapata kazi ya mushahara mudogo, anakula bugali tupu, na wasiwasi haumutoki. Hapa Goma tunajua: lava ya mwaka wa 2002 ilipita katikati ya muji, ile ya 2021 ikafuata, na vita imehamisha watu mara nyingi. Udongo ni mawe, shamba si rahisi. Si uvivu wa mama.

UFANYE NINI?

1. Ukiwa na mimba, njoo kupimwa mapema. Kunywa vidonge vya damu unavyopewa. Omba kupimwa sukari, zaidi kama ulikwisha kuzaa mutoto mukubwa sana, ao kama kuna mwenyi ugonjwa huu katika jamaa.

2. Umupe mutoto maziwa yako peke yake mupaka miezi sita. Hata maji hapana. Kisha umuongezee uji na chakula, na uendelee kumunyonyesha mupaka miaka miwili ao zaidi.

3. Uji wa mihogo peke yake haujengi bongo. Changanya soja, mahindi na mutama. Ongeza sambaza za kusagwa, mayai, maharagi, sombe, lengalenga, avoka. Kifungu kidogo cha sambaza kinasaidia mutoto kupita chupa ya sukre.

4. Tumia chumvi yenyi iyodi. Miaka ya 1960 na 1970 wanganga walipima watu wa kisiwa cha Idjwi, hapa katika ziwa letu. Walikuta wengi wenyi shingo kuvimba, na watoto wengine waliozaliwa na akili zaifu, kwa sababu iyodi ilikosekana. Chumvi ya iyodi haizuii ugonjwa wa sukari, lakini inalinda akili. Funika kopo lako vizuri, mbali na jua.

5. Usimuzoeze mutoto vitu vya sukari. Chupa moja ya sukre ina sukari karibu vijiko vidogo saba. Akisikia kiu, umupe maji safi.

6. Umuache asome, kijana na binti sawasawa. Tangu mwaka wa 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya musingi ni bila malipo. Binti anayebaki nyumbani kuchunga wadogo wake, kesho ndiye mama atakayepika na kusoma karatasi ya dawa.

7. Usimuite mutoto «mujinga». Kama anachelewa kalasini, muangalie kwanza: anasikia vizuri? Anaona ubao? Alikula asubuhi? Ana minyoo, ao damu imepunguka? Mulete tumupime.

ALAMA ZA KUANGALIA

Kukojoa mara kwa mara, hata usiku, kiu isiyoisha, kukonda bila sababu, kuchoka, kidonda kisichopona, macho kuona giza. Mutu muzima mwenyi alama hizo aje asubuhi bila kula, tupime damu. Sukari ikifika 126 ao kupita, tutaipima tena siku ingine.

Lakini mutoto hangoji! Akiwa alikwisha kuacha kukojoa kitandani na sasa anaanza tena, akikunywa maji bila kushiba, akikonda, akitapika, akipumua kwa nguvu na haraka, umulete siku ileile. Watu wengine wanasema amerogwa, wanamupeleka kwa mufumu. Mutoto anaweza kufa kwa siku chache, na insulini ingemuponyesha.

TUKUMBUKE

Alama za masomo haziamui maisha. Zinatuonyesha tu kwamba mutoto alihitaji kusaidiwa, pengine tangu alipokuwa tumboni. Nafasi ya kusaidia haiishi: mudogo kwa maziwa na uji muzuri, wa shule kwa masomo na heshima, muzima kwa kutembea, kula kwa kiasi na kupimwa.

Siku ya kupima watoto, lete fishi ya mutoto, na uulize maulizo yako yote. Kama hukuelewa, uliza tena. Hakuna ulizo la mujinga hapa.