Koki Umenunua Wewe, Imevuja: Nani Alipe?

Nyumba nyingi za watu binafsi Tanzania hujengwa kwa mgawanyo uleule: mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi anauza ufundi. Chanzo chake ni hofu ya cha juu. Mteja anaamini kwamba akimwachia fundi fedha za koki, sinki na shawa, ataletewa bidhaa ya bei ya chini na risiti ya bei ya juu, hivyo anakwenda Kariakoo mwenyewe. Kifaa kikiharibika, fundi ana jibu tayari: kifaa ni chako. Jibu hilo ni kweli nusu tu.

Nusu iliyo kweli inaeleweka vizuri zaidi kupitia kesi ya Uingereza, Young & Marten dhidi ya McManus Childs, iliyoamuliwa na Baraza la Malordi mwaka 1968. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini sheria yetu ya mikataba imekulia katika mapokeo hayohayo. Katika kesi ile, mjenzi aliagizwa kuezeka kwa vigae vya aina moja tu, vya mtengenezaji mmoja. Vigae vikanunuliwa, vikaezekwa, lakini vilikuwa na kasoro isiyoonekana kwa macho, vikaharibika. Malordi walisema mteja aliyechagua aina ya kigae hawezi kumlaumu mjenzi kwamba aina hiyo haikufaa, lakini mjenzi anawajibika kwa ubora wa vigae alivyovileta. Hoja yao ilikuwa ya kivitendo: mteja humdai mjenzi, mjenzi humdai muuzaji, na dai hupanda hivyo hadi kwa mtengenezaji.

Mwenye nyumba anayenunua mwenyewe anamtoa fundi kwenye mnyororo huo. Hapotezi haki; anabadilisha mlango wa kubisha. Mkataba wa mauziano ni wake na duka, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda dhidi ya bidhaa isiyo na ubora wa kuuzika, isipokuwa, iwapo aliikagua dukani, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Hata gharama ya kubomoa na kufunga upya inaweza kudaiwa dukani kama hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji wa mkataba, kwa mujibu wa kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Bila risiti, bahati njema kuthibitisha hilo.

Nusu ya pili ndiyo ambayo mafundi hawapendi kuisikia. Fundi ameuza ujuzi, na ujuzi hauishii kwenye kukaza nati. Chukua shawa pana ya kisasa iliyotengenezwa kwa presha ya bar 1. Tangi la maji likiwa mita 3 juu ya shawa, presha inayopatikana ni takriban bar 0.3, kwa kuwa kila mita 10 za kimo hutoa karibu bar 1. Shawa haina kasoro na imefungwa sawasawa, lakini maji yatachuruzika tu. Mteja hakuwa na namna ya kulijua hilo. Fundi bomba alilijua pale alipofungua boksi. Shawa ya umeme ni mbaya zaidi. Yenye kilowati 5 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 22, na fundi anayeiunganisha na waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 hawezi kujitetea kwamba shawa si yake. Waya alichagua yeye. Na hata asichokichagua yeye hakimwondolei wajibu wote: katika kesi ya Plant Construction, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishikilia kwamba mjenzi aliyeona hatari katika viegemeo alivyoelekezwa kutumia alikuwa na wajibu wa kuonya, ingawa usanifu haukuwa wake.

Mafundi watauliza: tunalipwa ufundi tu, hatupati faida kwenye bidhaa, kwa nini tubebe mzigo wake? Wana haki kuhusu kasoro iliyojificha ndani ya koki. Ila kuonya hakuhitaji faida ya bidhaa. Kunahitaji kusema kile ambacho jicho la fundi limeona. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: wateja huonywa, hukataa, kisha hukana. Ndiyo maana ujumbe mfupi wa simu, uliotumwa kabla ya kufunga, una thamani kuliko maneno mia ya mdomo. Mteja akijibu "funga tu," uamuzi umekuwa wake, mradi hakuna hatari kwa maisha. Pakiwepo hatari, fundi aweke zana chini. Na kwa mabomba yanayofichwa ukutani, ayajaribu kwa presha mwenye nyumba akiwa anaona, kabla marumaru hayajapandishwa. Uvujaji ukionekana hapo, kinachobaki kubishaniwa ni bei ya koki, si ya bafu zima.