Kwa nini kamera kuu za filamu bado zinatafutwa

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Katanga ya zamani, hasa katika majimbo ya leo ya Haut-Katanga na Lualaba, na sehemu yake huishia ndani ya betri za simu na za kamera za kidijitali. Malori ya madini hupita Lubumbashi yakielekea mpakani Kasumbalesa. Katika mji huohuo, mtaani Bel-Air, komini ya Kampemba, umeme ukikatika tangu asubuhi, mpiga picha wa harusi huanza kuhesabu betri alizochaji jana. Wakati huo kamera ya filamu iliyoundwa miaka 40 iliyopita hufanya kazi kwa betri mbili ndogo za saa ya mkononi, na nyingine haihitaji betri hata moja.

Wengi hudhani anayetafuta kamera hizo leo anaukumbuka ujana wake. Wapo wa namna hiyo, lakini si wao wanaozifanya ziendelee kununuliwa na kutengenezwa. Zinadumu kwa sababu ya namna zilivyoundwa, na jambo hilo linaeleweka vizuri ukiifungua kamera na kutazama kilichomo.

Kioo, prizimu na pazia

Ndani ya kamera kuu, yaani zile za daraja la juu, kuna kioo kilicholala kwa pembe ya digrii 45 nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia kupitia lenzi hugonga kioo, hupanda kwenye bamba la kioo cha ukungu, kisha prizimu iliyo juu huugeuza hadi ufike jichoni mwa mpiga picha. Kwa hiyo anachokiona ni kilekile ambacho lenzi inakiona. Akibonyeza kitufe, kioo hunyanyuka, pazia hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, filamu hupokea mwanga, kioo hurudi chini. Mlio ule wa "klak" unaopendwa na wengi ni kioo kikipanda na kushuka.

Mtambo huo wa kioo, bila prizimu, ulikuwapo kabla ya vita vya pili vya dunia, lakini Nikon F ya mwaka 1959 ndiyo iliyoufanya kuwa chombo cha kazi nzito. Ilitoka mwaka mmoja kabla ya Moïse Tshombe kutangaza kujitenga kwa Katanga, tarehe 11 Julai 1960, na katika miaka ile ya misukosuko waandishi wa habari duniani walikuwa wakihamia aina hiyo ya kamera. Uliweza kubadilisha lenzi, prizimu na bamba la kutazamia, na hata kuifunga mota ya kuvuta filamu. Ikiharibika sehemu moja, ulibadilisha sehemu hiyo tu.

Kutoka hapo ukoo uliendelea. F2 ilikuja mwaka 1971, ikiwa na pazia la titani linaloendeshwa na springi na meno ya chuma hadi kasi ya 1/2000 ya sekunde. Mwaka huohuo Canon ilileta F-1. Mwaka 1980 ilitoka Nikon F3, ambayo umbo lake lilichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, mbunifu maarufu wa magari. Pentax nayo ikatoa LX, iliyozibwa isipitishe vumbi wala maji. Canon EOS-1V ilitoka mwaka 2000 na Nikon F6 mwaka 2004, wakati wapiga picha wa magazeti walikuwa wameshaanza kuikimbia filamu. F6 ilidumu sokoni hadi Oktoba 2020, Nikon ilipotangaza kuisimamisha.

Tofauti ya kamera hizi na zile za bei ya kati haimo katika jina. Dirisha la kutazamia la Nikon hizo huonyesha asilimia 100 ya picha, kwa hiyo hakuna mkono wa mtu utakaojitokeza pembeni bila wewe kuuona. Mwili ni wa chuma. Pazia limepimwa kwa maelfu mengi ya picha. La F6 lilijaribiwa kwa picha 150,000. Unalipia uhakika kwamba kitufe kikibonyezwa, picha itapatikana.

Sufuria na chakula

Kamera ya kidijitali huzaliwa na sensa yake na huzeeka nayo. Ukinunua kamera ya mwaka 2004, ubora wa picha zake ni wa 2004 mpaka mwisho wa maisha yake. Betri yake ya umbo la pekee ikiacha kutengenezwa, kamera hubaki pambo la kabati. Kamera ya filamu ni kama sufuria: chakula hupikwa upya kila siku. F3 ya mwaka 1980 ikitiwa filamu iliyotoka kiwandani mwaka huu, hutoa picha ya mwaka huu. Lenzi ikiwa safi, pazia likiwa na kasi sahihi na mwili ukiwa hauvujishi mwanga, kamera ya bei kubwa na ya bei ndogo zitaipa filamu ileile picha zinazokaribiana sana.

Lakini sufuria bila chakula haishibishi mtu. Kodak ilipoacha kutengeneza filamu ya slaidi ya Kodachrome, mkanda wa mwisho kutoka kiwandani alikabidhiwa mpiga picha Mmarekani Steve McCurry, naye akaupiga mwaka 2010 kwa Nikon F6. Duka la mwisho lililosafisha filamu hiyo, Dwayne's Photo la Parsons, Kansas, lilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Tangu siku hiyo hakuna kamera, hata iwe ya bei gani, inayoweza kukupa picha ya Kodachrome, kwa sababu dawa zake za kusafishia hazipo tena.

Kwa anayeishi mbali na viwanda, somo ni kuchagua filamu ambayo anaweza kuisafisha mwenyewe. Filamu nyeusi na nyeupe ndiyo rafiki wa kwanza. Dawa ya D-76, ambayo fomula yake ilitolewa na Kodak mwaka 1927, hutumika hadi leo kwa joto la karibu digrii 20, kisha hufuata dawa ya kukaza picha na kuosha kwa maji safi. Filamu ya rangi huhitaji dawa za C-41 kwa digrii 38, na hapo kosa la nusu digrii hubadilisha rangi. Usiku wa Juni na Julai mjini Lubumbashi ni wa baridi, kwa hiyo maji huhitaji kupashwa na kipimajoto kutazamwa. Mwezi wa Oktoba kazi hugeuka, maji ya filamu nyeusi na nyeupe yakahitaji kupozwa.

Jua la saa saba na ngozi ya mtu

Mtu aliyepiga picha za ubatizo nje ya kanisa saa saba mchana anaijua shida: shati jeupe linawaka, uso umezama gizani. Sensa ya kidijitali mwanga ukiizidi hukata ghafla, na sehemu iliyokatwa hubaki nyeupe tupu, hairudishwi na programu yoyote. Filamu ya negativu huzidiwa polepole. Ukiipa mwanga mara mbili ya unaohitajika, mikunjo ya shati huwa bado inaonekana. Ndiyo maana wazoefu husema: kwa negativu, pima kwenye kivuli, kwa dijitali, linda sehemu nyeupe.

Hata hivyo filamu ya rangi haikuwa na haki kwa kila ngozi. Kwa miaka mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kadi ya kipimo iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Matokeo yake, katika picha za darasa watoto weusi waliokaa kando ya weupe walibaki meno na macho. Malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutokea vizuri, yalisaidia kuisukuma Kodak iboreshe filamu zake, na katika miaka ya 1990 zikaja kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Filamu za negativu za leo zinaitendea ngozi nyeusi vizuri kuliko zile za miaka ya 1970. Anayesema filamu ya zamani ilikuwa bora kwa kila jambo hajazitazama albamu za familia zetu kwa makini.

Kitu cha kushika mkononi

Faida ya tatu ni negativu yenyewe. Ni kitu, kina uzito, na huhitaji mwanga wa dirisha tu ili kisomeke. Lubumbashi inafahamu thamani ya jambo hilo kuliko miji mingi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliacha picha nyingi za migodi, viwanda na wafanyakazi wake. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizichukua picha za zamani za aina hiyo na kuziweka juu ya picha alizozipiga mwenyewe za viwanda vilivyochakaa. Kazi hiyo, Mémoire, ya mwaka 2006, ilimtambulisha duniani. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walianzisha Rencontres Picha, maonyesho ya sanaa ambayo hufanyika Lubumbashi kila baada ya miaka miwili.

Picha za mwanzo wa karne ya 20 hazikupigwa kwa kamera ya kioo na prizimu, na Baloji aliziunganisha kwa kompyuta. Hoja yangu ni nyingine. Picha zilizopigwa ili kuitumikia kampuni zilikaa karibu miaka 100 bila mtu kuhamisha faili, kulipia hifadhi ya mtandaoni wala kukumbuka nywila, kisha zikatumika kuihoji historia ya kampuni hiyohiyo. Diski ya kompyuta iliyowekwa kabatini kwa muda huo haitegemewi kufunguka.

Ipi ununue, na uitazame vipi

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama F6 ndiyo bora. Mkononi, ndiyo. Inatafuta fokasi kwa alama 11, kasi yake inafika 1/8000, na kipimo chake cha mwanga ni vigumu kukidanganya. Lakini ubongo wake ni bodi ya elektroniki. Bodi hiyo ikifa na vipuri vikiisha, fundi hodari wa Lubumbashi, Nairobi au Dar es Salaam atakuwa hana la kufanya. F2 huendeshwa na springi na meno. Fundi wa saa mwenye subira huelewa jinsi inavyofanya kazi. F3 iko katikati: pazia lake ni la umeme, lakini betri zikiisha kuna kijiti cha dharura kinachopiga kwa 1/60. Ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo mizoga ya kutolea vipuri haijaadimika. Kwa mtu wa Bel-Air anayetaka kamera moja ya maisha, namshauri F3, au F2 kama hajali kupima mwanga kwa jicho.

Kabla ya kulipa, fungua mgongo wa kamera. Gusa sponji nyeusi za kuzuia mwanga. Zikinata kama lami, zitabadilishwa kwa gharama ndogo, lakini punguza bei. Tazama pazia likifanya kazi kwa sekunde moja, kisha 1/60, kisha 1/1000. Fungua kisanduku cha betri utafute kutu ya kijani. Elekeza lenzi kwenye mwanga na uchungulie ndani: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, nao hula kioo. Mwisho piga mkanda mmoja na uusafishe, kwa sababu maneno ya muuzaji hayaonyeshi mwanga unaovuja.

Vumbi jekundu la kiangazi ni adui wa kwanza. Chembe moja ikikaa kwenye njia ya filamu huchora mstari kuanzia picha ya kwanza hadi ya 36. Badilisha mkanda ndani ya nyumba au ndani ya gari lililofungwa, na futa kwa brashi laini. Usipulizie pazia kwa hewa ya mgandamizo. Masika yakija, itoe kamera kwenye mfuko wa ngozi, uiweke penye hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kama filamu yako inaletwa na msafiri, mwambie aombe ikaguliwe kwa mkono kwenye uwanja wa ndege, maana mashine mpya za ukaguzi huiunguza.

Kamera hii haimfai kila mtu. Anayelipwa kupiga harusi ya wageni 500 na kutoa picha usiku huohuo atumie dijitali. Filamu ina picha 36, na kila moja ni pesa. Humfaa anayepiga watu wake, mtaa wake na mji wake kwa ajili ya watakaozaliwa baadaye.

Ukikuta kamera ya baba au ya mjomba ndani ya sanduku, usiiuze kabla ya kutazama kama ina mkanda ndani. Na negativu zilizofungwa pamoja nayo usizitupe hata kama kamera imekufa. Zinuse kwanza: zikitoa harufu ya siki zimeanza kuoza, zitenge na nyingine na uzinakili upesi. Zilizobaki zitie kwenye bahasha za karatasi, andika majina na miaka, uziweke pakavu na pa baridi. Kamera utapata nyingine. Negativu ni moja tu.