Kwa Nini Mwanamichezo Hutumia Dawa za Kuongeza Nguvu?

Tunaposikia mwanariadha amefungiwa kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu, wengi wetu husema upesi kwamba ni tamaa ya fedha. Tamaa ipo, hatukatai. Lakini wataalamu wa saikolojia waliowachunguza wanamichezo wameona kuwa jambo hili lina mizizi mirefu zaidi, na baadhi ya mizizi hiyo imo majumbani mwetu.

Yuko kijana anayejipima kwa jana yake: je, leo nimekimbia vizuri kuliko wiki iliyopita? Mwingine hujipima kwa wenzake tu; asipokuwa wa kwanza, kwake ni kama hakukimbia kabisa. Huyu wa pili ndiye huelekea zaidi kuiona dawa kuwa jambo la kawaida. Vivyo hivyo yule anayeogopa kushindwa, hasa akiamini kwamba wazazi na kocha humthamini anaposhinda tu. (Baba anayemfokea mtoto pembeni mwa uwanja ajifikirie kidogo.)

Na dhamiri je? Marehemu Profesa Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba mtu anayejua mema hahitaji kuitupa dhamiri yake ili atende mabaya. Huilaza usingizi kwa maneno. Husema, “Kila mtu anatumia.” Husema, “Daktari ndiye aliyenidunga.” Sindano huipa jina la vitamini. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong, aliyenyang'anywa mataji 7 ya Tour de France mwaka 2012, alikiri katika televisheni mwaka 2013 kwamba wakati ule hakujiona mdanganyifu. Alikuwa amefungua kamusi kutazama maana ya neno lenyewe, akaona halimhusu, kwa kuwa hakudhani amewazidi wapinzani wake kwa lolote!

Maneno mengine ya kulaza dhamiri ni haya: “Sijamdhuru mtu.” Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Asbel Kiprop wa Kenya alimaliza wa pili katika mita 1500 nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Mwaka uliofuata Ramzi alivuliwa medali kwa sababu ya dawa, na dhahabu akapewa Kiprop, lakini ile shangwe ya uwanjani ilikuwa imekwisha kupita. La kusikitisha, mwaka 2019 Kiprop naye alifungiwa miaka 4 kwa kosa la EPO, ingawa mwenyewe alikana.

EPO ni homoni inayotengenezwa na figo ili kuchochea uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu za damu. Hospitalini hupewa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Mtu mzima wa afya akijidunga, damu yake huwa nzito, huweza kuganda mishipani, na moyo au ubongo ukashambuliwa.

Wenye watoto wanaoshindana wajue pia kwamba kwa mujibu wa kanuni, mwanamichezo huwajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na mganga au rafiki. Kwa hiyo akiugua, amwambie daktari mapema kwamba anashindana. Ikiwa dawa iliyokatazwa ndiyo pekee itakayomponya, upo utaratibu wa kuomba kibali, na kwa kawaida huombwa kabla ya kuitumia.