Baiskeli Zinazouzwa kwa Kilo

Huko Ulaya, Marekani na Japani wako watu ambao wakisikia kwamba baiskeli kuukuu ya mbio za uwanjani imeonekana ghalani kwa mtu, hawapati usingizi. Chombo hicho hakina breki wala friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo huzunguka, na mwendeshaji hupunguza mwendo kwa nguvu za miguu yake. Kilitengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mviringo wenye kingo zilizoinuka. Mwenye kukipanda katika barabara ya Embu na Meru, akateremka nacho kutoka Chuka hadi daraja la Nithi, atakuwa amejitakia mwenyewe!

Kwa hiyo mpenzi wa baiskeli hizo akija huku kuzitafuta, huenda akarudi mikono mitupu. Lakini akichungulia nyuma ya nyumba za wazee ataona ndugu yake: ile baiskeli nyeusi, nzito, inayoitwa Black Mamba, yenye breki za vyuma badala ya waya, na karia iliyobeba ndizi, makaa na madebe ya maji.

Undugu huo si wa maneno tu. Kampuni ya Raleigh, iliyoanza Nottingham, Uingereza, mwaka 1887, ndiyo iliyompa Reg Harris baiskeli alipokuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi za wanamichezo wa kulipwa mwaka 1949, 1950 na 1951. Jina hilohilo lilibandikwa kwenye baiskeli za mizigo zilizoletwa Afrika Mashariki. Moja ilipewa mabomba mepesi, nyingine mazito, basi.

Raleigh ya zamani hutambulikana kwa nembo ya kichwa cha korongo mbele ya fremu. Nyingine hata duara la meno linalovuta mnyororo limechongwa vichwa vya korongo. Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana, India, zilifuata umbo hilohilo, nazo zisidharauliwe.

Adui wa baiskeli hizi ni mizani. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, abiria na mizigo vimehamia kwenye bodaboda, na baiskeli ikaegemezwa ukutani. Mnunuzi wa vyuma chakavu haoni korongo. Anaona kilo ishirini hivi. Marufuku ya Januari 2022, iliyotolewa kwa ajili ya wizi wa nyaya na vyuma vya umeme, ilizipa pumziko, lakini biashara ikafunguliwa tena mwaka huohuo.

Mwenye nayo asikimbilie kuipaka rangi mpya. Watafutaji huithamini rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka. Achukue kitambaa na mafuta ya taa, afute uchafu chini ya kiti, ambako mara nyingi namba ya fremu hupigwa, kisha aiandike mahali, kabla mnunuzi hajapita tena na mizani yake.