Simu Ikilia Msimu wa Mavuno: Njia Rahisi za Kulinda Pesa na Nyumba Yako

Mpunga ukianza kukatwa Mngeta, Mbingu na Chita, simu nazo hulia kuliko miezi mingine. Mnunuzi anauliza bei, dereva wa Fuso anauliza kama njia inapitika, mtoto aliyeko shule Ifakara anakumbusha ada. Katikati ya simu hizo inaweza kuwemo moja ya tapeli. Naye anaijua kalenda ya mkulima: anafahamu kwamba kuanzia mwezi wa tano pesa ya jasho la mwaka mzima inaingia kwenye simu.

Ndugu msikilizaji, wengi hudhani anayetapeliwa ni mtu asiyesoma. Sivyo. Wanatapeliwa walimu, wanatapeliwa wafanyabiashara, na mawakala wa pesa wenyewe wanatapeliwa. Kinachowaangusha wote ni haraka. Tapeli anataka ufanye jambo sasa hivi, kabla hujapata nafasi ya kuhakiki. Kwa hiyo kila tutakachoeleza hapa ni njia ya kujipa hizo dakika mbili za kuhakiki, kwa simu uliyonayo mkononi, hata kama ni ile ndogo ya vitufe.

Ujumbe si pesa

Chukua mfano huu. Uko kwenye mashine ya kukoboa, mmekubaliana na mnunuzi magunia kumi. Anasema, "Mama, nakutumia kwa simu, vijana waanze kupakia." Simu yako inalia. Ujumbe unasema umepokea pesa yote, una namba ya kumbukumbu, una tarehe na saa. Magunia yanapanda gari. Jioni ukienda kwa wakala kutoa, unaambiwa hakuna kitu.

Kilichotokea ni kwamba ujumbe ule uliandikwa na mtu, kwa mkono wake, akiiga maneno ya ujumbe wa kweli. Kwanza tazama juu ya ujumbe, pale panapoonyesha umetoka wapi. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe. Ukiona umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, huo ni wa kutengeneza.

Lakini usiishie hapo, maana macho huchoka na mbinu hubadilika. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya huduma yako uangalie salio: M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60# na HaloPesa ni *150*88#. Salio likiongezeka, pesa imeingia. Lisipoongezeka, gunia lisipande gari. Mnunuzi akisema mtandao unasumbua, mjibu kwa upole kwamba na mpunga nao utasubiri mtandao utulie. Mnunuzi wa kweli hatakasirika.

Kuna jambo jingine dogo lenye faida kubwa: daftari. Andika tarehe, idadi ya magunia, kilo, bei, namba ya simu iliyolipa na namba ya gari, kisha wote wawili muweke sahihi. Wapo wanaolipa kweli, wakishaondoka na mzigo wanadai kwa kampuni ya simu kwamba walikosea kutuma ili warudishiwe. Daftari lenye sahihi yake litakusaidia kuonyesha kwamba pesa ile ilikuwa ya mauzo.

"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Ujumbe huu karibu kila mwenye simu Tanzania ameupata. Hauna salamu, hauna jina la aliyeutuma. Unasema tu ile hela itume kwenye namba hii, na jina litakuja la fulani. Kwa nini wanaendelea kuutuma ilhali watu wengi wanaujua? Kwa sababu unatumwa kwa watu wengi kwa pamoja, na miongoni mwao hakosekani mtu ambaye kweli saa hiyo alikuwa anajiandaa kumtumia ndugu yake pesa. Huyo anadhani ni ndugu yake amebadilisha namba. Anatuma.

Dawa yake ni kupiga simu kwenye namba ya zamani unayoijua na kusikia sauti. Kama mtu anasema ameibiwa simu na anatumia ya jirani, muulize swali la nyumbani, jambo ambalo wa nyumbani kwenu tu ndio wanalijua: ule mti ulioanguka uani ulikuwa wa nini, au bibi alikuwa akimwita kwa jina gani alipokuwa mdogo. Kaeni leo jioni kama familia mchague swali lenu. Halina gharama, na mtoto aliyeko mbali naye alijue.

"Nimekosea kutuma, naomba unirudishie"

Anapiga mtu analia. Anasema ametuma pesa ya hospitali kwako kwa makosa. Kweli kuna ujumbe umeingia. Ukiwa na huruma unamrudishia, kumbe unampa pesa yako mwenyewe, kwa sababu ujumbe ule ulikuwa wa uongo.

Anza na salio, kama tulivyosema. Hata ukikuta pesa imeingia kweli, usiitume wewe. Mwambie aliyekosea apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, watashughulikia muamala huo. Nawe usiitumie pesa hiyo, maana si yako.

Anayejiita huduma kwa wateja

"Shikamoo mama, napiga kutoka makao makuu, laini yako inafungwa leo." Sauti ina adabu, inakutaja jina lako kamili. Usishangae amelijuaje. Yeyote akianza kutuma pesa kwenye namba yako, jina lako humtokea kabla hajathibitisha.

Kisha atakuomba namba ya siri, au namba iliyoingia sasa hivi kwenye simu yako kwa ujumbe, au atakuelekeza ubonyeze tarakimu moja baada ya nyingine. Kata simu. Kampeni ya Sitapeliki ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imekuwa ikisisitiza kwamba huduma kwa wateja ya mitandao yote ni namba 100 pekee. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akidai ni mhudumu, mwambie utapiga 100 mwenyewe.

Namba ya siri ni kama meno yako, huwezi kumwazima mtu. Wakala hahitaji kuijua. Ukiwa huoni vizuri, nenda na mwanao au mjukuu unayemwamini, lakini usimpe wakala simu akubonyezee. Na kama umeweka mwaka wako wa kuzaliwa au 1234, badilisha leo.

Laini iliyo kwa jina lako ambayo huijui

Tangu Mei 2019, laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA. Utaratibu huu uliwekwa ili kila laini iwe na mwenyewe. Lakini wapo wasajili wasio waaminifu. Unaweka kidole, anasema, "Haijasoma, weka tena." Unaweka mara ya pili, ya tatu, kumbe kila mara anasajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ikija kutumika kutapeli watu, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Piga *106# ufuate maelezo, ukiwa na namba yako ya NIDA karibu. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama una laini za mitandao miwili, piga kwa kila moja. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika ukaifungishe. Na siku ya kusajili, kila unapoambiwa urudie kidole, uliza kwa nini.

Nyumbani nako

Mwizi wa nyumbani naye huanza kwa habari. Ukitangaza kijiweni kwamba mpunga umeuzwa, usishangae kubishiwa hodi usiku. Pesa nyingi isilale chini ya godoro. Toa ya matumizi tu, nyingine ibaki kwenye simu au benki. Mpunga uliobaki ndani uwekwe chumba chenye kufuli imara, na magunia yahesabiwe na kuandikwa, ili pakipungua moja ijulikane.

Simu isilale ikichajiwa dirishani, na isiachwe kwenye banda la kuchajia bila kumjua mwenye banda. Mwizi akiipata anaweza kuwaandikia ndugu zako wote akiomba pesa kwa jina lako. Kwa hiyo weka namba ya kufunga simu, na namba ya kufunga laini yenyewe pia, ili hata akiihamishia simu nyingine isifanye kazi. Uwe mwangalifu tu: ukikosea namba ya laini mara tatu inajifunga, ndipo utahitaji namba ya PUK iliyo kwenye kadi laini ilimotoka. Itunze kadi hiyo pamoja na nyaraka za nyumba.

Yakishatokea

Usikae na aibu. Dakika za kwanza ndizo zenye matumaini, kwa sababu pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya tapeli inaweza kuzuiwa, ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuipata.

Piga 100 papo hapo. Taja namba uliyotuma, kiasi, saa na namba ya kumbukumbu ya muamala. Usifute ujumbe wowote, huo ni ushahidi. Sambaza ujumbe wa tapeli kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za utapeli, kisha fuata maelekezo utakayojibiwa ili uitaje namba iliyoutuma. Nenda kituo cha polisi ukachukue RB. Utapeli wa njia hii ni kosa, na tangu 2015 ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao inayouhusu.

Halafu waambie majirani, msikitini, kanisani, kwenye kikoba. Tapeli aliyekupata wewe leo, kesho atampigia mama wa nyumba ya pili kwa maneno yale yale. Akikuta ameshayasikia kutoka kwako, atakata simu mwenyewe.