Liemba: Lori kuukuu la ziwani lililokataa kuwa chuma chakavu

Na Mwandishi Wetu

UKIFUATA barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kuelekea kusini, ukapita Rumonge hadi Nyanza-Lac, haichukui muda kabla hujaona lori kuukuu limekaa juu ya mawe nyuma ya gereji. Tairi zimeondolewa, nyasi zimeota ndani ya bodi na kuku wanataga chini ya kiti cha dereva.

Kila lori la namna hiyo lina mabishano yake. Mmoja katika familia anataka liuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Mwingine anasema mzee alilinunua kwa jasho, lilibeba mawese na ndagala mpaka soko kuu la Bujumbura kabla soko hilo halijaungua Januari 2013, na injini yake bado ni nzima. Likipata betri na pampu litaondoka. Wakati wanabishana, mvua inanyesha na kutu inaendelea na kazi yake.

Mabishano kama hayo yamefanyika kwa zaidi ya miaka 100 juu ya chombo kikubwa kuliko lori lolote lililowahi kupita Rumonge. Ni MV Liemba, meli ya Kigoma, moja ya meli za abiria kongwe zaidi duniani. Imezama mara mbili, ikaibuliwa mara mbili, ikabadilishwa injini, ikaachwa isimame gatini, na kila mara akatokea mtu wa kusema kwamba bado inafaa kazi.

Kwa wasomaji wetu wa mwambao huu habari hiyo si ya kale tu. Wengi waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania hawakuijua Liemba kwa kusimuliwa. Waliipanda.

Ilivyofika ziwani

Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer, ambacho mpaka leo kinaunda meli za kitalii. Ilipokamilika ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo makasha yalipakiwa kwenye garimoshi hadi Kigoma, ambako reli ya kati ilifika mwanzoni mwa mwaka 1914.

Mafundi watatu wa Kijerumani walitumwa kuiunga upya: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Historia imehifadhi majina yao matatu. Majina ya vibarua Waafrika waliobeba mabati hayo, wakapasha moto ribiti na kuzigonga moja moja mpaka chombo cha urefu wa mita 70 na ushei kikasimama ufukweni, hayakuandikwa popote panapojulikana. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto, ikaitwa Graf von Götzen, kwa jina la aliyekuwa gavana wa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Ilibeba askari na shehena kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mwezi Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo, na Kigoma nayo ikawa inakaribia kuanguka. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui.

Lakini kabla ya kuizamisha walifanya jambo moja ambalo ndilo kiini cha habari hii. Waliipaka mitambo grisi nzito, kisha wakajaza mchanga ili ishuke polepole na kutulia chini. Walitarajia kwamba vita vikiisha watarudi kuichukua.

Kinachoua gari

Fundi yeyote wa dizeli anajua kwamba lori lililosimama miaka 10 lina maradhi kuliko lililotembea miaka 10 kwenye barabara mbovu. Unyevu huingia kwenye tangi, dizeli huoza na kufanya utelezi, na kutu inayomeguka humo ndani huziba filta na nozeli. Ringi hung'ang'ania ukuta wa silinda. Mipira ya breki hukauka. Nyaya huliwa na panya.

Kosa la wenye haraka ni kufunga mnyororo na kulivuta lori hilo kwa lori jingine ili liwake. Pistoni ikiwa imekwama, hapo ndipo konrodi hupinda na ringi huvunjika, na injini iliyokuwa mgonjwa inakuwa maiti. Fundi mwenye subira huanza kwa kumwaga mafuta yote ya zamani. Hufungua nozeli, akamimina oili laini juu ya kila pistoni na kuiacha siku kadhaa. Halafu huzungusha injini kwa mkono, kwa nondo kwenye gurudumu la nyuma ya injini, robo mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka iachie yenyewe. Starta haiguswi mpaka siku hiyo ipite.

Kutu huhitaji maji na hewa pamoja. Grisi iliyopakwa Julai 1916 iliizuia isikifikie chuma cha mitambo. Tena maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo hata bodi ya meli haikuliwa kwa kasi ambayo ingeliwa pale Dar es Salaam.

Baada ya vita Wabelgiji waliiibua na kuikokota mpaka Kigoma. Mwaka 1920 dhoruba ikaipiga, ikazama tena hapo hapo bandarini. Kufikia hapo mtu mwenye hesabu za kawaida angeiacha. Waingereza, waliokuwa wamekabidhiwa Tanganyika, waliiibua mwaka 1924, na walipoisafisha walikuta injini na boila zingali zinafaa kutengenezwa. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini ikiwa na jina jipya la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini wakiliita ziwa hili.

Waliopaka grisi hawakurudi. Waliofaidi ni wengine. Waliokimbia Rumonge na Nyanza-Lac mwaka 1972 wanaielewa hali hiyo kuliko mwanahistoria yeyote, ingawa wao hawakupata hata saa moja ya kuandaa walichokiacha. Waliporudi kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo baada ya miaka 30 na zaidi, wengi walikuta shamba la michikichi lina mtu mwingine.

Mvuke ulipoondoka

Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ilitolewa na kuwekwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ilikarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark.

Wapo wapenzi wa vitu vya kale, hasa Ulaya, wanaosikitika kwamba mvuke uliondolewa. Wengine wamewahi kusema meli hii ingefaa kuwa makumbusho. Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Mwenye lori la Bedford aliyeweka injini ya Fuso kwa sababu spea za Bedford hazipatikani hakuliharibu lori lake, amelirudisha barabarani. Boila inataka kuni au makaa na watu wa kuichochea usiku kucha. Dizeli inataka fundi mmoja anayeijua na spea zinazopatikana. Bodi iliyogongwa ribiti mwaka 1915 ndiyo ile ile, na inatosha kuwa kumbukumbu.

Kazi ya Liemba daima imekuwa kazi ya lori la mizigo linalosimama kila kituo. Inachukua abiria wapatao 600 na shehena ya tani 200. Katika safari yake ya Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, bandari zenye gati ni chache mno. Kwingine kote meli husimama majini na kupiga honi, mitumbwi na boti zikaja kuigombania ubavuni. Magunia ya dagaa, mahindi, mchele, mananasi, masanduku ya sabuni na akina mama wenye watoto mgongoni hupanda na kushuka kwa mlango wa ubavuni, mara nyingi usiku wa manane, kwa makelele ambayo aliyeyasikia hayasahau.

Miaka ya 1980 meli hiyo ilikuwa ikipanda kaskazini mpaka Bujumbura, na mfanyabiashara aliweza kutoka Burundi hadi Zambia bila kukanyaga barabara. Vita vilivyoanza Oktoba 1993, kisha vikwazo ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi kuanzia 1996 hadi 1999, viliikata njia hiyo.

Siku za Kagunga

Mwaka 1997, Mobutu alipokwisha kuanguka, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, liliitumia Liemba pamoja na MV Mwongozo kuwarudisha makwao Wakongo zaidi ya 75,000. Katika miezi mitano Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira.

Kisha ikaja Mei 2015. Machafuko ya Burundi yalipoanza, maelfu kwa maelfu kutoka mikoa ya kusini walikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho mpakani kabisa, kusini mwa Nyanza-Lac. Kagunga ina ziwa mbele na mlima mkali nyuma. Wakati ule hakukuwa na barabara ya kuwatoa watu hao. Walilala ufukweni makumi ya maelfu, kipindupindu kikaingia na kuua.

Chombo kikubwa kilichokuwapo cha kuwatoa kilikuwa Liemba, ikiwa imetimiza miaka 100 majini. Haikuweza kutia nanga karibu, kwa hiyo boti za wavuvi ziliwabeba watu na vifurushi vyao mpaka ubavuni, wakavutwa juu mmoja mmoja. Safari ilikuwa ya saa chache mpaka Kigoma, wakapumzishwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu. Baadhi yao sasa wako Rumonge, wamerudi, wanauza.

Mtu anapouliza faida ya kutengeneza kitu cha zamani wakati kipya kinaweza kununuliwa, siku zile za Kagunga zinastahili kuingizwa kwenye hesabu. Kama mwaka 1993 ingeamuliwa ikatwe vipande, mwaka 2015 kusingekuwa na cha kuagiza kutoka dukani.

Miaka michache baadaye, mwishoni mwa muongo huo, Liemba ilisimama. Mwongozo nayo ilikuwa imekwama. Kwa wafanyabiashara wa mwambao, hiyo ilikuwa sawa na kufungwa kwa barabara. Mizigo iliyokuwa ikipanda meli ilihamia kwenye boti za mbao, zinazopakiwa mpaka maji yanabakiza kiganja kufika ukingoni, na kuondoka jioni. Mwenye kulijua ziwa hili anajua upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi unavyoinua mawimbi. Boti ikipinduka, mali imekwenda, na mara nyingi si mali peke yake.

Mwezi Novemba 2023 ulitiwa saini mkataba wa kuikarabati upya, wa thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Tanzania. Upande mmoja ilikuwa kampuni ya meli ya serikali ya Tanzania, na upande wa pili wakandarasi ambao miongoni mwao ni kiwanda cha Brodosplit cha Kroatia. Ni fedha nyingi, na wapo waliosema zingetosha kuanzia meli mpya. Lakini meli mpya nayo haifiki Tanganyika kwa kuelea. Ziwa hili halina mlango wa bahari unaopitika, kwa hiyo meli yoyote kubwa lazima ije vipande vipande na kuungwa ufukweni, kama zilivyokuja kasha 5,000 za Papenburg. Bodi ambayo tayari iko majini ina thamani ambayo mizani ya chuma chakavu haiioni.

Suala linalobaki kwa mwenye mzigo Rumonge si la injini. Ni la ratiba. Meli inayokwenda kusini tu inamsaidia mtu wa Kigoma na wa Kasanga; wa Rumonge anabaki kuuza mawese yake kwa bei ya mwenye lori, na dizeli ya lori Burundi imekuwa ya kuvizia kwa miaka kadhaa sasa. Wala hoja ya kwamba gati halitoshi si kikwazo kwa meli hii, kwa kuwa imezoea kupakia kutoka kwenye boti tangu enzi za ukoloni. Vyama vya wafanyabiashara wa Rumonge na Nyanza-Lac vina sababu ya kwenda kwa wakuu wa bandari za Kigoma na Bujumbura kila ratiba inapopangwa, na kuuliza kama Liemba itapanda tena kaskazini, au angalau itapiga honi Kagunga, ambako boti ya Nyanza-Lac inaweza kuifuata.